Hosipawa Peke Yake Haijazi Tangi

Simama nusu saa kwenye duka lolote la pampu Kariakoo, utasikia ombi lilelile likirudiwa: "Nipe ya hosipawa mbili." Muuzaji anashusha boksi, mteja analipa, pampu inapanda bodaboda. Hakuna aliyeuliza maji yako kina gani, tangi limeinuliwa kiasi gani, bomba ni la ukubwa gani, wala zinatakiwa lita ngapi kwa saa. Baada ya muda mteja yuleyule anarudi kulalamika kwamba kauziwa feki, maana jirani ana ya hosipawa moja na tangi lake linajaa mapema. Huenda pampu ni nzima kabisa. Alinunua nguvu akidhani ananunua maji.

Nguvu ya mota na wingi wa maji vina uhusiano, na uhusiano huo unahesabika kwa kalamu na karatasi. Shida ni kwamba watu wanauruka mhimili wake, yaani kimo, ambacho mafundi hukiita hedi. Hedi ni jumla ya mambo matatu. Kwanza ni urefu wa kwenda juu, kuanzia uso wa maji (si usawa wa ardhi) hadi mdomo wa bomba juu ya tangi. Pili ni msuguano ndani ya bomba, ukigeuzwa kuwa mita. Tatu ni presha unayotaka ibaki mwishoni, kama unalisha vinyunyizio shambani au bafu la ghorofani. Bar 1 ihesabu kama mita 10.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua maji unayotaka kwa mita za ujazo kwa saa (lita 1,000 ni mita 1 ya ujazo), zidisha kwa hedi, gawanya kwa 367. Unapata kilowati zinazoingia ndani ya maji yenyewe. Hiyo 367 haikutoka hewani: ni sekunde 3,600 za saa moja zikigawanywa kwa 9.81 ya mvutano wa dunia. Kisha gawanya tena kwa ufanisi wa pampu, yaani sehemu ya nguvu inayofika kwenye maji (asilimia 50 iandike 0.5), na hizo ndizo kilowati zinazotakiwa kwenye shafti ya mota, ule mtaimbo unaozungusha pampu. Hosipawa moja ni kilowati 0.746.

Ufanisi ndipo watu wanapodanganyika. Pampu kubwa za mamlaka za maji hufika asilimia 75 hadi 85. Pampu nzuri ya kuzamisha ya inchi 4 huwa kati ya 50 na 65. Zile ndogo za nyumbani za hosipawa nusu mara nyingi haziifikii hata 30, na nyingine ziko chini zaidi ya hapo. Kama huna karatasi ya mtengenezaji, weka 50 kwa pampu ya kisima, na usijipe moyo kwa namba kubwa kuliko hiyo.

Kwa ufanisi huo wa nusu, hosipawa moja inakupa kanuni ya kukumbuka: gawanya 137 kwa hedi, jibu ni mita za ujazo kwa saa. Hedi ikiwa mita 10, unapata karibu lita 13,700 kwa saa. Mita 20, lita 6,850. Mita 50, lita 2,740. Mita 100, lita 1,370 tu. Mota ni ya hosipawa ileile kote, ila maji yamepishana mara kumi. Na usidhani ni pampu moja inayoweza kufanya yote hayo. Ya mita 10 ina impela (gurudumu la ndani linalosukuma maji) pana yenye mdomo mkubwa. Ya mita 100 ina impela nyembamba zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ukizibadilishana sehemu za kazi, ya kwanza haitatoa tone na ya pili itakimbia nje ya kipimo chake.

Kibati kinasema nini

Kibati cha pampu, yaani kile kibandiko cha vipimo kilicho ubavuni mwake, kina namba mbili zinazouza kuliko zote: hedi ya juu kabisa na maji ya juu kabisa. Namba hizo hazikutani hata siku moja. Hedi ya juu kabisa hupimwa koki ikiwa imefungwa, maji sifuri. Maji ya juu kabisa hupimwa mdomo ukiwa wazi, hedi karibu sifuri. Maisha ya kazi ya pampu yako yote yatapita katikati ya ncha hizo.

Chukua pampu ya petroli ya inchi 3 ambayo wakulima wa mboga wengi wanayo. Kwa kawaida imeandikwa hosipawa 6.5, mita 30, mita za ujazo 60 kwa saa. Fanya hesabu: 60 mara 30 ni 1,800, gawanya kwa 367, unapata kilowati 4.9, yaani hosipawa 6.6. Kama pampu hiyo ingetoa namba zote mbili kwa pamoja, ingekuwa inatia nguvu kwenye maji kuliko inayopewa na injini yake, bila kupoteza hata chembe njiani. Haiwezekani. Kwenye kupandisha mita 20, tarajia sehemu tu ya zile 60, na mchoro wa mtengenezaji ndio utakaokuambia ni sehemu gani.

Kwa ile ndogo ya hosipawa nusu (kilowati 0.37) mambo ni hayohayo. Tuseme imeandikwa mita 35 na lita 35 kwa dakika. Mstari wake wa kazi hushuka karibu sawasawa kutoka ncha moja hadi nyingine, kwa hiyo kwenye tangi la ghorofani, hedi ikiwa mita 17 na nusu, itatoa lita 17 hivi kwa dakika. Tangi la lita 1,000 litachukua kama saa moja. Nguvu iliyoingia kwenye maji ni kama wati 50 tu kati ya zile 370. Nyingine zimegeuka joto na kelele. Mimi sioni tatizo na pampu hizi kwa kazi ya nyumba moja. Bei yake ni ndogo na vipuri vimejaa kila mtaa. Ubaya unaanza mtu anapoifanyia kazi ya saa sita kwa siku kumwagilia bustani. Hapo uniti za umeme zitamkumbusha.

Jambo moja zaidi la kibati: kilowati za mota ya umeme kwa desturi ni zile zinazotoka kwenye shafti, si zile zinazokatwa kwenye LUKU. Mota ya fezi moja ya kilowati 0.75, ikiwa na ufanisi wa asilimia 70, inavuta kilowati 1.07 kutoka ukutani. Baadhi ya watengenezaji huandika P1 na P2. P1 ni umeme unaoingia, P2 ni nguvu ya shafti. Ukilinganisha pampu mbili, hakikisha unalinganisha P2 na P2. Ipo mikono ya biashara inayopenda kuandika kubwa kati ya hizo na kunyamaza.

Mota haimpi mtu maji, inasubiri kuombwa

Hili ndilo ningependa fundi chipukizi alishike kabla ya yote. Mota ya umeme wa kawaida huzunguka kwa kasi inayopangwa na masafa ya umeme, Hz 50, na idadi ya poli zake, yaani ncha za sumaku ndani yake. Yenye poli mbili inakwenda karibu mizunguko 2,900 kwa dakika, iwe ya hosipawa moja au kumi. Pampu ndiyo inayoamua itaomba nguvu kiasi gani kwa kasi hiyo, na mota inatoa ilichoombwa.

Kwa hiyo ukiitoa mota ya kilowati 0.75 iliyoungua na kuweka ya 1.5 kwenye pampu ileile, lita hazitaongezeka. Kasi ni ileile, impela ni ileile, bomba ni lilelile. Umenunua mota inayofanya kazi nusu ya uwezo wake, na mota iliyopewa mzigo mdogo kuliko saizi yake ina ufanisi mbaya zaidi. Faida pekee ni kwamba haitaungua kwa mzigo. Upande wa pili, ukiweka mota ndogo kuliko pampu inavyoomba, haitasema "hapa mwisho wangu". Itajaribu, itavuta ampea kupita kiasi, varnishi ya waya itapikika, na baada ya siku kadhaa utakuwa kwa msuka mota.

Kinachobadilisha maji ni kasi au impela. Kwenye kasi kuna sheria tatu za kukariri: maji hubadilika sawa na kasi, hedi hubadilika kwa kasi mara kasi, nguvu hubadilika kwa kasi mara kasi mara kasi. Ukiongeza kasi asilimia 10 kwa puli au inveta, maji yanaongezeka asilimia 10, hedi asilimia 21, na nguvu inayotakiwa asilimia 33. Mtu anayebadilisha puli ya mashine ya dizeli ili "apate maji kidogo zaidi" anastahili kuijua namba hiyo ya mwisho kabla ya kukaza mkanda.

Kwenye pampu za kuzamisha utakuta jambo linalowachanganya wanunuzi. Toleo moja la pampu huja na mota za saizi nyingi: 0.55, 0.75, 1.1, 1.5, 2.2. Zote zimeandikiwa maji yaleyale, tuseme lita 3,000 kwa saa. Tofauti ni idadi ya impela zilizopangwa ndani. Maji yanapita impela ya kwanza, inayapandisha mita kadhaa, yanaingia ya pili, yanapandishwa tena, hivyo hivyo hadi juu. Kila impela inaongeza hedi, haiongezi lita. Ya kilowati 1.5 imejengwa kwa kisima kirefu zaidi, si kwa tangi kubwa zaidi. Mtu mwenye kisima cha mita 25 akinunua hiyo ndefu kwa kufikiri anajipa ziada, maji yatatoka kwa kasi kupita ilivyokusudiwa, mchanga utavutwa, uso wa maji kisimani utashuka hadi kwenye pampu, na impela zitasukumwa juu na kusaga pete (washa) zake.

Bomba linakula hosipawa

Tuchukue kisima kimoja na tukihesabu mpaka mwisho. Pampu ikifanya kazi, uso wa maji unatulia mita 45 chini ya ardhi. Mdomo wa bomba juu ya mnara wa tangi uko mita 6 juu ya ardhi. Bomba lote, kutoka pampu hadi tangi, ni mita 200 za plastiki ya HDPE, daraja la presha PN10. Tunataka lita 3,000 kwa saa.

Kimo peke yake ni mita 51. Sasa bomba. La milimita 32 lina tundu la milimita 28, na kwa mtiririko huo linakula karibu mita 16 za hedi. La milimita 40, tundu milimita 35, linakula mita 5 na kidogo. La milimita 50 linakula kama mita 2. Tofauti hizo zinashangaza mtu anayeona bomba limenenepa kidogo tu, lakini msuguano hupungua kwa karibu kipeo cha tano cha tundu.

Kwa bomba la 32 hedi inakuwa mita 67. Mara 3, gawanya kwa 367, ni kilowati 0.55 kwenye maji. Kwa ufanisi wa nusu, kilowati 1.1 kwenye shafti. Mota ya 1.1 itakuwa imebanwa ukutani, kwa hiyo utanunua 1.5. Kwa bomba la 40 hedi ni mita 56, shafti inataka kilowati 0.92, na mota ya 1.1 inatosha ikiwa na akiba ya karibu asilimia 20. Kwa la 50, kilowati 0.86, mota ni ileile ya 1.1. Kwa kisima hiki ningenunua la 40 bila kufikiri mara mbili, na la 50 tu kama kuna mpango wa kuongeza maji mbele ya safari.

Mpango huo ukija, angalia kinachotokea. Unataka lita 6,000 kwa saa badala ya 3,000, na kisima kina uwezo huo. Maji yakiongezeka mara mbili kwenye bomba lilelile, msuguano unaongezeka mara 3.6. Kwenye bomba la 32, zile mita 16 zinakuwa 59. Hedi inafika mita 110, na shafti inataka kilowati 3.6: zaidi ya mara tatu ya nguvu ya awali kwa maji mara mbili. Tena bomba la PN10 limeandikiwa bar 10, yaani mita 102, kwa hiyo umeshalipita. Kwenye bomba la 50 hedi inakuwa mita 58 na shafti inataka kilowati 1.9. Mtu aliyeokoa fedha kwenye bomba siku ya kwanza anazirudisha kwenye mota, kwenye kebo nene, na kila mwezi kwenye umeme.

Hizo mita 45 zisichukuliwe kwa kukisia. Kina cha kisima si kina cha maji, na maji yaliyotulia usiku si maji yanayosukumwa mchana. Aliyechimba kisima anatakiwa kukupa karatasi ya majaribio yenye uso wa maji kabla ya kusukuma, uso wa maji baada ya saa kadhaa za kusukuma, na lita kwa saa zilizotumika. Namba ya pili ndiyo ya kuhesabia. Asipokupa, usimlipe salio.

Mota inayoungua kwa kupumzishwa

Watu wengi wanaamini pampu ikisukuma juu sana ndipo mota inachoka, na ikimwaga maji chini inapumua. Kwa pampu za impela za kawaida, zile za sentrifugo, ni kinyume. Nguvu inayoombwa hupanda kadiri maji yanavyokuwa mengi. Ukifunga koki ya kutolea, ampea zinashuka. Ukikata bomba na kuacha maji yamwagike hapo hapo, ampea zinapanda, wakati mwingine kupita kiwango cha kibati.

Ndiyo maana pampu iliyopangiwa mita 40 ikihamishiwa mtoni kupandisha mita 8 inakata ovalodi (swichi ya kuikinga mota) kila baada ya dakika chache, na mwenye nayo anaapa kwamba kazi ni nyepesi. Dawa ni kubana koki ya kutolea hadi ampea zirudi chini ya zile za kibati, au kupeleka impela kwa fundi wa lathe ipunguzwe kipenyo. Kubana koki kunapoteza umeme, lakini kunaokoa mota leo. Kwa sababu hiyohiyo, pampu kubwa huwashwa koki ikiwa karibu imefungwa, kisha inafunguliwa polepole. Usiiache imefungwa muda mrefu, maana maji yaliyonaswa ndani yanachemka na kuharibu sili.

Ile ndogo ya hosipawa nusu haifuati utaratibu huo. Impela yake ina meno pembeni, na inaomba nguvu nyingi zaidi maji yakizibwa. Ukiifungia koki, ampea zinapanda na inaungua. Basi usimpe jirani ushauri wa koki kabla hujajua pampu yake ni ya aina gani.

Injini ya petroli nayo ina tabia yake, kwa sababu kasi yake haishikwi na Hz 50 bali na mkono wa mkulima. Tuseme pampu inafika mita 30 ikiwa mizunguko 3,600, na shamba liko mita 20 juu ya mto. Ukipunguza mafuta hadi mizunguko 2,940 hivi, hedi ya juu kabisa imeshuka hadi mita 20, na hakuna tone litakalofika shambani. Injini inalia, petroli inaungua, maji yamesimama katikati ya bomba. Kubana mafuta kunaokoa mpaka mahali fulani, halafu ghafla unachoma bure.

Upande wa kuvuta hauna hosipawa

Hapa nguvu ya mota haisaidii hata kidogo. Pampu iliyo juu ya ardhi haivuti maji; inaondoa hewa na mgandamizo wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji yapande. Usawa wa bahari, hewa hiyo ina uwezo wa mita 10.3. Toa msuguano, futivalvu (valvu ya mwisho wa bomba la kuvutia, ndani ya maji), na mahitaji ya pampu yenyewe, inabaki mita 7 za kutegemea. Mbeya, kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ina mita 8.4 tu, na cha kutegemea ni mita 5 hivi. Pampu ileile iliyofanya vizuri Tanga inaweza kukataa huko, na mota ya hosipawa tano haitabadilisha jibu. Injini ya petroli inapata pigo la pili: inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo ile ya 6.5 huko Mbeya ni kama ya 5.4.

Ukisikia pampu inatoa sauti kama inasaga kokoto na maji yanatoka kwa kukatakata, inakosa maji upande wa kuvuta. Isogeze karibu na maji, nenepesha bomba la kuvutia, safisha chujio la futivalvu, kaza maungio. Tundu dogo la hewa kwenye kiungo cha upande huo halitoi maji nje, kwa hiyo halionekani. Paka povu la sabuni kwenye kila kiungo pampu ikiwa inafanya kazi, na uangalie linapofyonzwa ndani.

Umeme nao unapunguza

Msokoto wa mota, yaani nguvu yake ya kuzungusha, hushuka kwa volti mara volti. Mota ya 230 ikipewa 180, imebaki na asilimia 61 ya msokoto wake. Ikiwa tayari inazunguka, maji yatapungua kidogo tu lakini ampea zitapanda. Ikitaka kuwaka, itanguruma na kukataa. Mara nyingi kosa ni la kebo. Waya wa milimita mraba 2.5 una ohmu 7.4 kwa kilomita. Kwa mota ya fezi moja inayovuta ampea 15 kwenye kisima kilicho mita 100, kwenda na kurudi ni ohmu 1.48, na volti 22 zinabaki njiani. Kwa waya wa 4 zinabaki 14. Pima volti kwenye boksi la pampu, mota ikiwa inafanya kazi, si kwenye mita ya ukutani.

Pampu zilizotumika kutoka Marekani au Saudia zina mtego mwingine, kwani huko umeme ni Hz 60. Kwa Hz 50 kasi inashuka hadi asilimia 83, maji hivyohivyo, na hedi inabaki asilimia 69. Mota nayo inapata joto kupita kawaida hata kama mzigo umepungua, kwa sababu volti zilezile kwa masafa madogo zinashibisha chuma chake. Kwa fezi tatu kuna kosa rahisi kuliko yote, mota kuzunguka kinyume. Pampu ikizungushwa kinyume bado inatoa maji, machache na kwa hedi ndogo, ndiyo maana kosa hili hukaa miezi bila kugunduliwa. Zima umeme, badilisha waya mbili kati ya tatu, washa, linganisha.

Ndoo, saa na klampu

Siku pampu inafungwa ikiwa mpya, pima vitu vitatu na uviandike kwa maka penni ndani ya mlango wa boksi la swichi: lita kwa dakika, ampea (kwa klampu, kipimo kinachobana waya), na volti. Lita unapima kwa ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 24, ni lita 50 kwa dakika, yaani 3,000 kwa saa. Kwa maji mengi tumia pipa la lita 200. Pima mahali maji yanapoingia tangini, kwa sababu ukikata bomba chini utakuwa umebadilisha hedi na namba yako haina maana.

Maji yakipungua, pima tena na usome namba mbili kwa pamoja. Maji machache na ampea chache: pampu haipati kazi ya kufanya. Chujio limeziba, uso wa maji umeshuka, hewa inaingia, koki haijafunguka yote, au impela zimelika kwa mchanga. Maji machache na ampea nyingi: kuna kinachozuia au kuna kinachovuja. Beringi zimekufa, mchanga umebana impela, volti ziko chini, kapasita imechoka, au bomba limepasuka ndani ya kisima na maji yanarudi chini huku pampu ikifanya kazi kamili. Ukihisi hilo la mwisho, zima pampu na usikilize mdomoni mwa kisima: maji yanayotiririka chini yanasikika. Pampu ikitoa maji mengi kuliko kawaida (hata kama tangini hayafiki) na ampea nyingi: hedi imepungua, tafuta mpasuko karibu au kiungo kilichoachia juu ya ardhi.

Ampea za kawaida lakini maji kidogo ni kesi ngumu kidogo. Anza na tangi, kwa kuwa mara nyingine ni valvu ya boya iliyokwama nusu. Kisha nonritani, valvu inayozuia maji yasirudi nyuma.

Kwa sola hesabu zote hizi zinabaki, ila nguvu inabadilika kila wingu linapopita. Kontrola inapunguza kasi ili mota isizidi kile paneli zinachotoa, na hedi inashuka kwa kasi mara kasi. Pampu inayofika mita 60 kwa Hz 50, ikiwa na mita 45 za kupandisha, itatoa tone la kwanza ikivuka Hz 43. Chini ya hapo inazunguka bure. Anayetaka maji kuanzia saa mbili asubuhi anahitaji paneli nyingi kuliko hesabu ya mchana inavyosema, au pampu yenye impela za ziada na koki ya kubana saa sita jua likiwa kali. Kama kionyeshi kinasoma Hz 40 na tangi halipati kitu, usimwite fundi wa pampu bado. Panda ukafute vumbi kwenye paneli, shuka, subiri hadi saa nne asubuhi.